Nilimfukuza Shangazi kwa Sababu ya Moyo Uliokwenda Mbio

Mama Micheline mpendwa, wewe unayejibu barua zetu redioni, nakuomba unisaidie, na ukiweza usome yote kabla ya kunikasirikia, kwa sababu nimepona ugonjwa ulionitesa nusu mwaka, nalala vizuri, nakula, mke wangu Yolande ameanza tena kuimba akiwa jikoni, lakini kupona huko ndiko kulikonionyesha ubaya nilioutenda, na sijui nianzie wapi kuurekebisha.

Jina langu ni Kabemba, nina miaka arobaini na moja, naendesha lori kubwa la kubeba mawe ya shaba katika machimbo karibu na Kolwezi, kazi niliyoifanya miaka tisa bila tatizo, hadi siku moja ya Januari ambapo mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi, nikawa napanda na mzigo kutoka chini ya shimo, magurudumu yakashindwa kushika udongo, lori likaanza kurudi nyuma polepole, halafu si polepole tena, nikaona kwenye kioo ukingo wa shimo unanijia, nakanyaga breki na lori linateleza vilevile, mpaka likagonga tuta la udongo pembeni na kusimama. Hakuna aliyeumia. Wenzangu walicheka, mimi nilicheka kuliko wote, nikarudi nyumbani nikala nikalala.

Siku ya tatu, nikipita palepale, moyo ulianza kupiga kama mtu anayegonga mlango, vidole vikafa ganzi, pumzi ikakatika, nikajua nakufa. Sikufa. Lakini ilirudi kesho yake, ikarudi kanisani, ikarudi kwenye arusi ya jirani mbele ya watu wote, nikapelekwa hospitali wakapima moyo, wakapima damu, wakasema kila kitu ni kizima, na wewe unajua kwetu, mama, hospitali isipoona kitu, watu husema ugonjwa huo una mwenyewe, kuna mtu aliyekuroga.

Nyumbani tulikuwa tunaishi na shangazi yangu, Tantine Fidélie, dada mkubwa wa marehemu baba, mjane asiye na mtoto, ambaye alinilea tangu nina miaka saba, na ndani ya parseli yetu, kiwanja tulichojenga hapa mtaa wa Manika, alikuwa na chumba chake kidogo na kazi yake ya kutupikia. Ugonjwa uliponishika mara ya kwanza pale nyumbani nilikuwa nakula bukari, ugali wetu, na sombe, majani ya muhogo, aliyoipika yeye. Yolande alinipeleka kwenye chumba cha sala alikokuwa akisali, na kiongozi wa pale hakuuliza habari ya lori wala ya mvua, aliuliza tu ni nani anayepika kwetu. Nikajibu. Akatikisa kichwa, na kutikisa huko kulitosha, tukaamini kwamba anayeniroga ni Tantine.

Mwisho wa Machi tuliwaita watu uani, kama ishirini hivi, na mimi mwenyewe, si mtu mwingine, nikamwambia Tantine auachie moyo wangu. Alikuwa amesimama na taulo la vyombo mkononi. Akaniuliza, “Kabemba, unasema njo mi?” Nikamjibu ndiyo, ni yeye: “Njo weye.” Hakubisha, hakulia, aliingia chumbani akakunja nguo zake, na mimi nikafunga godoro lake juu ya pikipiki kwa kamba, akaenda Kasaji kwa mdogo wake, Polycarpe, safari ya siku nzima, mwanamke wa miaka sitini na nane.

Baada ya hapo nilikaa majuma mawili bila kushikwa hata mara moja, na wote wakasema, umeona. Hakuna aliyekumbuka kwamba majuma hayo mawili nilikuwa likizo. Siku niliyorudi kazini na kuanza kuupanda mteremko ule, moyo ulinikamata vibaya kuliko mwanzo, nikasimamisha lori katikati ya njia, nikashushwa na kupelekwa zahanati ya palepale kazini, na huko ndiko nilikomkuta muuguzi mmoja, mama Aicha, ambaye wazazi wake walitoka Kasongo.

Yeye hakuniuliza nani anapika. Aliniuliza ilianzia wapi, kulikuwa na harufu gani, nilisikia sauti gani, na nilipofika kwenye habari ya lori kurudi nyuma, moyo ukaanza kwenda mbio pale pale kitini. Akaniwekea mkono wangu juu ya tumbo langu, akaniambia nivute hewa kidogo kwa pua, kisha niitoe polepole, ndefu, kama mtu anayepuliza mbabula, jiko la makaa, bila kutaka kurusha majivu. Baada ya dakika chache moyo ulishuka. Ndipo aliposema maneno ambayo sitayasahau: “Hauko mugonjwa wa moyo, tata, na hakuna mutu anakukula. Kichwa yako inakulinda kupita kipimo.”

Akageuza karatasi ya dawa akanichorea kichwa. Akasema ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo, kama punje ya karanga, moja kila upande, ambayo kazi yake ni kushtuka kabla hatujafikiri, na siku ile ya mvua ilijifunza kwamba mteremko ule ni kifo, basi kila nikiusogelea, au nikisikia tu kitu kinachofanana nao, inaamuru moyo ukimbie na pumzi ifupike. Sehemu ya nyuma ya paji la uso, inayopima mambo, inafika ikiwa imechelewa. Akasema kutoa pumzi polepole kunapitia mshipa wa fahamu unaoshuka kutoka kichwani hadi kifuani na tumboni, kunauambia moyo upunguze, na kwamba kila nilipokikimbia kitu, punje ile ilipata hakika kwamba ilikuwa sawa kuogopa, kwa hiyo dawa ni kukirudia kidogo kidogo hadi ijifunze upya. Akanikataza vile vinywaji vya kopo vya kuondoa usingizi nilivyokuwa nakunywa vitatu kwa zamu, na akanitaka nilale saa zilezile kila siku.

Nilimweleza shefu wangu, Stéphane, nikiogopa atanifukuza, lakini akasema hata yeye miaka ya nyuma aliwahi kukaa miezi bila kuweza kushuka shimoni. Juma la kwanza nilikaa tu ndani ya lori lililozimwa. Halafu nikapanda pembeni ya mwenzangu akiendesha yeye. Halafu nikaendesha bila mzigo, halafu na mzigo. Majuma kumi na moja, mama. Mwezi wa saba nilipanda mteremko ule nikafika juu, na nilipofika ndipo nikagundua kwamba nilikuwa nawaza habari ya mpira.

Niliegesha lori nikalia kwa furaha, na katikati ya kulia huko nikamkumbuka Tantine. Huko Kasaji habari ilimtangulia, nasikia majirani hawapokei chakula mkononi mwake, na kwaya imemwambia apumzike. Yolande anasema tuache, mambo yametulia, tukifukua tutaonekana sisi ndio wabaya. Kiongozi wa chumba cha sala naye anataka Jumapili ijayo nisimame nitoe ushuhuda kwamba nilipona kwa sababu mchawi alitolewa nyumbani. Mimi nimefikiri nimpelekee Tantine gunia la unga na kumpigia simu kumsalimia, bila kugusa jambo lenyewe, maana nikifikiria kusimama mbele yake moyo unaanza tena kwenda mbio. Je, hiyo haitoshi?

Ni mimi Kabemba, Kolwezi.

*

Tata Kabemba,

Haitoshi.

Sasa tuzungumze. Kwanza nakupa pole, na pole yangu ni ya kweli. Kilichokushika hakikuwa uoga wa kitoto wala wazimu. Kinawashika madereva, kinawashika askari, kinawashika mama waliojifungua kwa taabu, na wengi wanakufa nacho moyoni kwa sababu hawakupata mama Aicha wao. Ulifanya vizuri kupima moyo hospitali kwanza, na yeyote anayesikia barua hii akiumwa kifua asianze kupuliza pumzi nyumbani, aende apimwe. Ulifanya vizuri pia kumwambia shefu wako, na hapo ulionyesha ushujaa kuliko unavyojua. Nimefurahi kwa ajili yako na kwa ajili ya Yolande.

Lakini sikiliza. Ile punje ya karanga kichwani mwako iliamuru moyo ukimbie. Haikufunga godoro la mama mzee juu ya pikipiki. Kamba ile uliifunga kwa mikono yako, na majuma mawili ya likizo ulikuwa na akili yako yote, umelala, umekula, na hukujiuliza hata siku moja. Hofu haikuwa kosa lako. Kumtaja mtu kulikuwa kosa lako. Usiyachanganye hayo mawili, kwa sababu naona katika barua yako unataka sayansi ya mama Aicha ikufute na hili pia.

Yule aliyekulea tangu miaka saba anaishi kati ya watu wasiokula chakula chake, na wewe unaniuliza habari ya unga. Ukimtumia unga bila neno, majirani watasema umemlipa ili asikurudie. Utamzika zaidi.

Kwa hiyo utafanya hivi. Jumapili hiyo hutatoa ushuhuda wowote wa uongo. Ukisimama, useme ulipona kwa kutibiwa, na kwamba Tantine Fidélie hakukutendea kitu. Usipoweza kusema hivyo mle ndani, basi usiende kabisa, lakini usikae kimya wakisema wengine kwa jina lako. Kisha uombe ruhusa kazini, uende Kasaji wewe na mkeo, kwa sababu yeye naye alikuwa uani siku ile. Usimnong'oneze chumbani. Ulimshtaki mbele ya watu, utamsafisha mbele ya watu: aitwe Polycarpe, aitwe katekista, waitwe wale majirani wasiopokea sahani yake. Useme maneno mafupi. “Nilisema ni yeye. Hakuwa yeye. Nilikosa.” Halafu eleza ugonjwa wako, ukiulizwa, lakini uanze na kosa, maana ukianza na ubongo watadhani unajitetea.

Usimwambie arudi Kolwezi. Muulize anataka nini, na chochote atakachosema, hata akikataa kukuona mwaka mzima, ukubali. Mkirudi, uwaite wale ishirini wa uani uwaambie hivyo hivyo.

Na moyo utakwenda mbio, ndiyo. Uache uende. Aibu pia inajua kuugonga mlango huo. Umeshajifunza kutoa pumzi ndefu na kubaki mahali pagumu bila kukimbia. Ulijifunza kwa ajili ya lori, lakini lori ni jambo dogo. Nenda ukabaki mbele ya shangazi yako.

Mwambie pia Yolande kwamba nimemsikia, na kwamba mambo yametulia kwenu tu. Kasaji hayajatulia.

Mama Micheline

*

Siku ishirini baada ya kusoma barua hii redioni nilipokea ujumbe huu kutoka kwa tata Kabemba, na ameniruhusu kuusoma.

Mama Micheline, tulikwenda. Yolande alikataa siku mbili, siku ya tatu nikamkuta anafunga nguo. Ule ushuhuda sikuutoa, niliwaambia mbele ya wote kwamba nilitibiwa, wengine wakatoka nje, basi. Kasaji tulimkuta Tantine anachambua maharagwe uani kwa Polycarpe. Hakuinuka. Nilisubiri hadi katekista na majirani wafike, watu kama kumi na watano, nikasema maneno yale ulivyoniambia, nikapuliza pumzi yangu, nikasema tena kwa sauti ili walio nyuma wasikie. Yolande akapiga magoti akasema na yeye alikosa.

Tantine aliacha kuchambua. Kisha akaniuliza ni nini basi kilichonishika, nikamweleza habari ya kichwa, akaniomba nirudie, nikarudia kwa kuchora chini kwa kijiti. Akauliza kama muuguzi alisema ni hivyo kwa watu wote au kwangu tu. Nikamwambia kwa watu wote.

Ndipo aliposema, na Polycarpe mwenyewe hakuwa anajua: “Tangu munifukuze, nilianza kufikiri labda njo mi kweli. Labda roho yangu inatoka wakati nalala, na mi sijui. Miezi tano nalala nimekaa, nimeegemea ukuta, juu ya kuogopa kukuua.”

Jirani mmoja aliinuka akachukua ungo wa maharagwe mapajani mwake akaendelea kuchambua yeye. Tantine hakusema kama amenisamehe, na mimi sikuuliza. Alisema amechoka. Alitandika mkeka pale pale uani, mchana, watu wote wapo, akajinyoosha, akageukia upande wa ukuta, na kabla hatujajua la kufanya tukasikia anakoroma. Tukaanza kuzungumza kwa sauti ya chini. Alilala hadi jua likatua, na hakuna aliyemwamsha.