Mkwaju wa Watu Wawili

Jumapili, 3 Machi
Tumeupata! Kilimani, nyuma ya machimbo ya kokoto — mkwaju mfupi kama kigoda, shina nene kuliko paja langu. Mbuzi wameutafuna miaka nenda miaka rudi, wametufanyia kazi bure. Mimi nilitaka kuung'oa leo leo. Kobe akanicheka. Fundi redio huyu, rafiki yangu tangu ujana, hajawahi kuharakishwa na mtu. Jina hakulipata bure. Akasema mti wa porini haunyakuliwi, unabembelezwa. Tukakata mizizi ya upande mmoja tu, tukafukia ili uchipue mipya. Upande wa pili mwakani, tukiwa wote wawili. Bonsai yetu ya kwanza ya ubia, mti wa kudumazwa chunguni! Tukapeana mikono yenye matope.

Jumatatu, 13 Mei
Kobe kalazwa. Mapafu. Nimemkuta na mashine ya hewa usoni, hanitambui. Shemeji, mke wake, kasema daktari amewaambia waite watoto. Nikatoka nje nikalia. Sirudi tena pale. Siwezi kumwona vile.

Jumatano, 15 Mei
Nimeung'oa. Peke yangu, jua linachoma. Nilijiambia Kobe hatainuka tena, na machimbo yanazidi kupanda kilima, watakuja kuufyeka. Yanapanda kweli? Sijui. Niliutaka tu. Ule upande mwingine ulikuwa na mzizi mmoja mnene, ndio uliokuwa unaulisha mti wote. Nimeukata.
Simu imeita mara tatu mfukoni. Shemeji. Sikupokea — nilijua ni msiba.

Ijumaa, 24 Mei
Mkwaju unapukutika chunguni. Nimeufunika nailoni, nimeuweka kivulini, naunyunyizia maji. Wapi!
Na Kobe amepata nafuu. Anakula, anagombana na wauguzi. Nimefurahi, wallahi nimefurahi. Ila nimemzika mtu angali hai. Mke wangu anasema nenda ukamwambie, la kuvunda halina ubani. Nimeitikia. Sijaenda.

Jumapili, 2 Juni
Amekuja mwenyewe! Fimbo mkononi, suruali inamvuka. Sikuwahi hata kuuficha mti. Kageuza ndoo, kakaa, kautazama weee. Nilingoja matusi. Kauliza tu niliung'oa lini.
Nikasema Jumatano ile.
Kaegemea fimbo. Kisha: "Jumatano ndiyo walinitoa ile mashine, nipumue mwenyewe. Niliogopa, bwana. Nikamwambia mama watoto akupigie, uje ukae na mimi."
Nikasingizia chai, nikaingia ndani. Chai anachemsha mke wangu. Mimi niko chumbani naandika. Dirishani namwona bado yuko uani, anaokota majani makavu kwenye chungu, anayaweka kiganjani.
Ananiita. Mara ya pili sasa. Sauti haina hasira hata kidogo — ingekuwa nayo, ningetoka.