Chetezo Kilipofika Kwangu

Kiponda, Mjini Unguja

Dada yangu mpenzi Asila,

Shikamoo, dada. Naomba waraka huu ukukute mzima hapo Chukwani, wewe na shemegi Sleiman, na goti lako liwe limepata nafuu kwa yale mafuta ya karafuu. Mimi namshukuru Mungu, ingawa nyumba imekuwa kubwa tangu marehemu mume wangu Hisham aondoke, na anayekuja kunijulia hali ni paka wa jirani, naye hufuata samaki. Nimeandika kwa kuwa simu zangu hupokei.

Sababu naijua. Ulianza kukasirika nilipokataa kumpikia mwanao Afra udi wa harusi, mimi niliyewapikia maharusi wa ukoo mzima. Kisha siku yenyewe, chetezo kikipitishwa na kila mwanamke akijifukiza, kilipofika kwangu niliinuka nikatoka bila kuaga, hata biriani sikuionja. Mwanakheir, aliyebaki pale, amenieleza yaliyosemwa nyuma yangu: kwamba nina kijicho, kwamba nimeukataa udi wa mwanao kwa kuwa mimi sikujaaliwa binti wa kuoza. Na wewe, anasema, ulinyamaza. Kunyamaza kwako kuliniuma kuliko maneno yao yote.

Dada, nina pumu. Muda mrefu nilidhani ni uzee umenijia mapema, maana nikipanda ngazi zangu nilikuwa natua katikati kama mchukuzi wa magunia. Daktari akaniambia ni pumu iliyokaa bila kutibiwa, na kwamba kuinamia moshi wa makaa na udi miaka yote ile kumeyachosha mapafu. Akanikataza moshi. Akanipa dawa ya kuvuta, asubuhi na jioni, hata siku ninayojiona mzima, na nyengine ya kuvuta nikibanwa. Mimi na ujuaji wangu nilipopata nafuu nikaiacha ile ya kila siku. Wakati ule nilipokwambia nimekwenda Kidichi kupumzika, nilikuwa nimelazwa.

Tangu hapo sikosi kliniki. Kila mwezi napuliza kwenye kifaa chao cha kupimia pumzi, wananitazama ninavyovuta dawa, na nikikosea wananisahihisha. Sasa nalala chali, na sokoni naenda na kurudi bila kusimama. Lakini shughuli za watu nimezikimbia, kwa kuwa hakuna shughuli ya kwetu isiyo na chetezo, na nani atamwambia mwenye harusi azime udi kwa ajili yangu? Watu wakaacha kunialika. Siku nyengine nnasema peke yangu jikoni nipate kusikia sauti ya mtu.

Utauliza kwa nini sikukwambia. Nilikumbuka kikombe cha mama. Alipoanza kukohoa na kuhema, kilitengwa kabatini, na sisi tukakatazwa kukigusa, hata baada ya daktari kusema si kifua kikuu na haambukizi. Mama alikuwa akikiosha mwenyewe. Niliogopa kutengewa kikombe nyumbani kwako, dada, basi nikaona heri uniite mwenye kijicho.

Sasa nikupe lililonifanya nishike kalamu. Pale kliniki yuko muuguzi, Bi Mize, mkali lakini ana huruma. Siku ya mwanzo aliniuliza nakaa na nani, nani atanisaidia nikibanwa. Niliona haya kusema sina mtu. Nikamwambia nakaa na dada yangu. Na uongo ukizaliwa hutaka kulishwa: kila mwezi nikamwambia dada ndiye anayenikumbusha dawa, dada kazima jiko la makaa, dada kanipikia uji wa pilipili manga. Una sifa kubwa pale, mwenyewe huna habari. Bi Mize husema angependa kuwa na ndugu kama wewe.

Mwezi uliopita akaniambia mficha maradhi, kifo humuumbua, na kwamba dawa peke yake haitoshi, lazima na mtu wa nyumbani ajue la kufanya. Anataka nije nawe Jumatatu akufundishe. Nikamjibu utakuja. Nilikuwa sijakuuliza, na simu hupokei.

Nisalimie shemegi, na Afra umwambie mama yake mdogo hakuukataa udi wake, alikosa pumzi tu. Nitakungoja mlangoni kwangu Jumatatu asubuhi. Njoo, dada, usiniache nikawa muongo.

Ni mimi mdogo wako,
Shariffa