Ndugu Yangu Nyuma ya Magunia

Alhamisi

Leo Juma amenikimbia. Ndugu yangu wa tumbo moja, ameniona sokoni Jericho akajificha nyuma ya magunia ya viazi, mtu mzima na ndevu zake. Mama wa viazi akamcheka, "We baba, unatafuta panya huko?" Mimi nikajifanya nachagua nyanya.

Sina hasira naye. Tangu daktari aseme figo za binti yangu Rehema zimekufa, watu wananiogopa kama nimebeba kisu. Nilitaka kumpa figo yangu moja, wakaikataa kwa sababu ya presha. Baba yake alishafariki. Amebaki mjomba wake Juma, na mwanzoni alisema, "Dada, chukua hata zote mbili!" Siku ya kupimwa ilipofika, akazima simu.

Najua anabeba mizigo Industrial Area, na watoto wanne wanakula kwa mgongo wake. Anaogopa akipasuliwa hatabeba tena. Ningekuwa yeye, sijui...

Jioni Rehema ametoka kwa mashine ya kusafisha damu, amechoka, akaniuliza, "Mama, Mjomba hajambo?" Nikamwambia hajambo, anakusalimia sana. Akafurahi.

Nilitaka kuandika kwamba kama Juma asingejificha pale sokoni, ningemsalimia tu nipite. Ni uongo. Ningemshika miguu mbele za watu.

Juma, hata kama hutasoma haya, wasalimie mke wako na watoto. Niletee jibu upesi, hata kama ni hapana. Nikijua ni hapana, nitaacha kumdanganya mtoto.