Pingamizi la Mtani

Nachingwea,
Mfungo Sita, 1953

Kwa kaka yangu mpendwa Shehe, Narung'ombe.

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Naanza kwa jina lake Yeye aliyetuumba, kisha nakuuliza hali. Je, kifua kimeacha kukubana? Wifi yangu Zaina hajambo? Na watoto, na yule mbuzi wenu mkorofi? Mimi huku ni mzima. Goti tu linanisumbua nikiinuka kutoka kwenye sijida, na hilo nalo nashukuru, maana bado nasujudu.

Kaka, najua unangoja habari ya leseni ya mgahawa wangu. Tangu mume wangu alipofariki na kazi ya mashamba ya karanga ya serikali ikafungwa, umeniambia si mara moja nirudi nyumbani, mji huu unakufa. Nami nilikujibu kuwa treni bado inakuja, na anayeshuka kwenye treni hutafuta chai.

Bodi ya mji iliamuru kila mgahawa uwe na sakafu ya saruji, kabati la wavu la chakula, na choo. Asiye navyo hapati leseni, na asiye na leseni azime moto. Nilivitimiza vyote. Saruji tuliikoroga mimi na jirani yangu Sabaha mpaka viganja vikachubuka. Bwana afya alipokuja alipitisha kidole kabatini, akakitazama, akasema Mama Adinani, hapa hata mimi nitakula.

Siku ya kikao walianza na mbwa wanaozurura sokoni, wakaja kwenye shimo la taka, kisha wakabishana sana juu ya nzi wa buchani. Nilipoitwa jina, mwenyekiti, ambaye ni Mzungu, akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Akainuka Protasi.

Unamjua Protasi, yule Mngoni anayekuja huko kwenu na baiskeli kununua ufuta. Ni mtani wangu, na chai ya asubuhi huinywa kwangu. Alivua kofia, akasema mwanamke huyu ni mateka wake. Babu zake walimkuta bibi yangu kajificha pangoni na chungu, na tangu siku ile Wamwera hawajajifunza kupika. Chai yangu eti ni maji ya kuoshea miguu, na bodi ikinipa leseni basi iongeze na makaburi. Afadhali nirudishwe Narung'ombe nikapalilie mikorosho ya mama yangu iliyomezwa na nyasi. Watu wakaangua kicheko. Nami nilicheka, huku najiandaa kumjibu kwamba Wangoni walikuja na mikuki, wakasikia harufu ya ugali wetu, wakaweka mikuki chini mpaka leo. Ila hapo kwenye mikorosho nilijiuliza habari za nyasi kazipata wapi.

Mwenyekiti hakucheka. Karani wake ni mtu wa mbali, hajui mambo yetu; alimfasiria yote kama yalivyo, maji ya miguu yakabaki maji ya miguu. Ikaandikwa kwamba nimelalamikiwa kwa uchafu, nifunge mpaka kikao kijacho, na ikithibitika nisipewe leseni kabisa.

Nilizima moto. Treni iliingia, watu wakashuka wakakuta mlango umefungwa, nami niko ndani nimeshika tasbihi. Sabaha alinishauri nikaape mbele ya bodi kuwa Protasi ni mwongo na ana chuki nami. Nikamwambia sitathubutu. Nikimwita mtani wangu adui mbele ya serikali, siku nikifa nani atalizuia jeneza njiani na kuwachekesha wanangu? Na kiapo cha uongo siapi, hata kwa leseni.

Kikao kilipofika nilivaa kanga zangu za Idi, nikaomba ruhusa nimuulize Protasi neno. Nikamuuliza hunywa chai wapi. Akasema kwa mateka wake. Tangu lini? Tangu reli ilipofika. Je, imewahi kumuumiza tumbo? Akasema naam, huumia kila siku anapokatazwa kikombe cha pili. Ukumbi mzima ukacheka, safari hii na karani. Bwana afya akasimama akamweleza mwenyekiti kuwa huku kwetu mtani akikutukana lala usingizi. Akinyamaza ndipo uogope. Mwenyekiti akatia sahihi, akaonya utani ubaki nje ya mlango wa bodi. Alhamdulillahi, leseni imetundikwa ukutani.

Sasa kaka, lipo moja lililobaki. Jioni ile Protasi alikuja akakaa, hakunitukana. Nikaogopa kweli. Akanitazama akasema yale ya makaburi na miguu yalikuwa yake, ila kusimama kwenye bodi na kuitaja mikorosho si mawazo yake. Alitumwa na mtu alipokuwa huko kwenu kupima ufuta. Aliyemtuma alimwambia maneno ya mtani hayakasirikiwi, Mwantumu atacheka tu, kisha atarudi nyumbani.

Sikumuuliza jina. Nyasi za shamba la mama anazijua nani kama si wewe?

Sikuwekei kinyongo, nimekuombea baada ya swala, na najua upweke wangu huku unakunyima usingizi. Lakini sirudi. Mikorosho ya mama nitakuja kuipalilia kwa jembe langu, kisha nitapanda lori nirejee kwenye jiko langu. Nawe ukiwa na neno juu yangu, bodi inakutana tena mwezi ujao na mlango wake hauna komeo. Simama mwenyewe uliseme, nami nitakujibu. Tukitoka hapo utakunywa chai, kiti cha karibu na jiko nakuwekea.

Nisalimie wifi Zaina, watoto, na majirani wote wanaoniulizia. Mungu akufungue kifua. Protasi naye anakusalimu. Anasema wewe pia ni mateka wake, ila kunitania ni kazi yake, usimtume tena.

Ni mimi mdogo wako,
Mwantumu