Redio Sita za Kabati za Mzee Nathanaeli Shekiondo

Mwaka mzima umetimia leo, Baba, tangu ulipotutoka, asubuhi ile ya baridi ya Julai 1974.

Ulikuwa seremala, na nusu ya milango ya hapa kwetu Shume ni kazi ya mikono yako. Jirani akifiwa, jeneza lilikuwa tayari kabla hajaja kuliomba.

Lakini roho yako ilikuwa kwenye redio. Si hizi ndogo za mkononi. Ulizitaka zile kubwa za kabati, zenye santuri chini ya kifuniko, ambazo Wazungu waliziacha walipofunga mizigo baada ya Uhuru. Ulizifuata Amani, ukazifuata Muheza, moja ikabebwa kwa machela kama mgonjwa. Zikafika sita. Umeme hatukuwa nao, kwa hiyo hakuna iliyowahi kutoa hata mkoromo. Kila Jumamosi ulizipaka nta ya nyuki, na mgeni akija ulimfunulia kifuniko achungulie.

"Mzee, unafuga ng'ombe wasiokamuliwa!" balozi wetu wa nyumba kumi, Ramadhani, alikutania.

"Umeme utakuja," ukamjibu. "Wewe andaa masikio."

Hospitalini ulimshika mkono Esta, kifungua mimba wako. "Usiyatawanye makabati yangu." Naye akakuahidi, "Tate, baba yangu, nitayatunza mpaka yaimbe."

Ulipofariki, sebule ilitakiwa iwe tupu ili wanawake wakae mikekani. Esta ndiye aliyesema vyombo vitolewe. Redio zikafunikwa magunia, zikawekwa kwenye banda la kuni. Siku ya pili mvua ikamwagika, kuni za nje zikalowa chapachapa. Wageni wa Muheza waliokuwa wakisaidia kupika wakaja kumuuliza Esta wapasue nini. Yeye alikuwa amejifunika kanga usoni, analia. Hakuinua kichwa.

"Pasueni vilivyomo bandani," alisema, akifikiria mabaki ya mbao zako.

Wale hawakujua. Waliona makabati ya zamani, wakatii.

Moto uliwaka vizuri mno kwa ile nta yako. Baba mdogo Kristofa akausifu: "Marehemu alijua kukausha kuni." Watu wakanywa chai, wakaongezwa. Jioni Esta alipopita jikoni aliona vioo vya kutafutia stesheni vimepasuka majivuni, akakaa chini pale pale kwenye tope.

Mama hakumkaripia. Alimwambia tu, "Mwanangu, chai ile hata mimi niliinywa." Lakini tangu siku hiyo Esta haigusi chai, na akija kaburini kwako anafika kwenye uzio, anarudi. Tumembembeleza, tumemletea hata mchungaji. Hakuna kilichosaidia.

Baba, umeme umefika. Wiki iliyopita fundi aliingia nyumbani, akamuuliza Esta soketi aiweke wapi sebuleni. Esta aliutazama ukuta, pale wewe ulipokuwa umezipanga redio zako, akatoka nje. Fundi alisubiri, kisha akakusanya vyombo vyake akaondoka.

Unakumbukwa na mkeo Dorkasi, mdogo wako Kristofa, wanao Tobia na Rahabu, wajukuu zako wote, na Esta, ambaye mtu anayetaka kumwomba msamaha ni wewe, nawe hupo.

Hatutakusahau hata siku moja.