Wikendi za Ariane huko Odisha

Jumapili, tarehe 11 Mei

Jana nilifanya kosa la kijinga. Ariane alipiga simu kutoka India. Ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu Mélanie. Anamalizia masomo ya uhandisi Bhubaneswar, jimbo la Odisha, upande wa mashariki. Rezo ya simu ilikuwa inakatika, Mélanie akaweka sauti ya juu, basi chumba kizima kikasikia: Mélanie mwenyewe, kaka yake Barthélemy, na dada yangu Clémence na rozari yake.

Mtoto analia. Ameambiwa moyo wangu umechoka. Anataka kuacha yote arudi Bukavu anione. Na mwezi ujao ndio anatetea kazi yake ya mwisho mbele ya walimu! Miaka yote ile, aitupe kwa ajili ya miguu ya mzee iliyovimba.

Nikamwambia kwa hasira: "Usikuje. Jumamosi wende Mangalajodi, uniangalilie ndege na macho yako."

Clémence akapiga mikono. "Amelaga," akasema.

Nimechoka kulieleza hata hapa. Kwetu Bashi, mzee aliye karibu kuondoka analaga: anasema neno lake la mwisho, na aliyeagizwa hawezi kulivunja. Barthélemy peke yake ndiye aliyefungua mdomo: "Papa, unaanza na ndege? Na shamba ya Kabare?"

Nilitaka kusema kwamba ni mazungumzo tu. Halafu nikasikia kwenye simu — Ariane ameacha kulia. "Sawa, koko. Nitaenda."

Mimi koko wake, babu yake, nikaliacha neno lisimame.

Jumanne, tarehe 13 Mei

Barthélemy tena. Ameweka simu yake kando ya mto wa kichwa changu, tayari kurekodi. "Papa, kama kuna neno." Hakuna neno. Kuna kiu. Akanipa maji, na simu ikaendelea kunirekodi nikimeza.

Supu haina chumvi. Daktari amekataza. Dirisha nalo linaangalia ukuta wa jirani. Hapa mtaani kwetu Nyawera ukitaka kuona ziwa lazima upande hadi barazani, ngazi zile, na mimi ngazi nimekatazwa pia. Miaka yangu ya kazi kwenye kituo cha utafiti cha Lwiro nilitembea kilima juu ya kilima nikifuata mlio wa ndege mmoja. Sasa nafuata sufuria kwa masikio.

Ijumaa, tarehe 16 Mei

Jioni nimemwelekeza Ariane njia. Taabu tupu. Nilimwambia ashuke kwenye mji wa Tangi, aulize nyumba ya mwalimu mkuu, huyo atampa mtu wa mtumbwi. Akacheka. "Koko, mwalimu yule wa 1978? Simu itanionyesha."

Ndiyo, 1978. Kituo chetu cha Lwiro kilinituma Calcutta kujifunza kupanga makusanyo ya ndege kwenye jumba lao la makumbusho. Siku za kazi zilikuwa droo na harufu ya dawa. Ijumaa jioni mwenzangu Ghosh alifunga droo kwa nguvu, tukakimbilia treni. Wenzetu wote walikwenda Puri au Darjeeling. Ghosh aliwadharau. Alisema panapouzwa picha za mahali, ndege wameshahama. Yeye alinipeleka pasipokuwa na hoteli. Tulilala kwenye shule, tukala wali kwenye majani.

Mangalajodi ilikuwa kijiji cha wawindaji wakati ule, ukingoni mwa ziwa la Chilika. Bata walining'inizwa kwenye miti mirefu kama nguo za kuanika. Ghosh aligombana na nusu ya kijiji, halafu akala nao. Sasa nasoma kwamba wawindaji haohao, au watoto wao, ndio wanaosukuma mitumbwi ya wageni na kuwataja ndege kwa majina. Ningependa kuliona hilo. Sitaliona. Basi aone yeye.

Jumapili, tarehe 18 Mei

Picha zimefika kwa simu ya Mélanie yenye kioo kilichopasuka. Naona maji, majani, madoa meusi ambayo ni ndege. Siwezi kusema zaidi. Miwani yangu haitoshi tena.

Ila sauti yake ilikuwa nzuri. Alisimulia mtumbwi unavyopita katikati ya nyasi. Alisema hajawahi kusikia kimya kama kile. Clémence alikuwa ananyoosha shingo asikie. "Muone," akasema, "ametii."

Nami papo hapo, kabla hajataja habari ya kurudi, nikampa mahali pengine: "Wiki ijayo, Chandipur. Pale bahari inaondoka." Ni kweli inaondoka. Maji yanarudi nyuma mpaka huyaoni, unatembea juu ya sakafu ya bahari kati ya kaa wekundu, kisha saa yake ikifika yanakuja tena, polepole, bila kelele. Ghosh alivua viatu akaviacha ufukoni. Tuliporudi hapakuwa na viatu.

"Sawa, koko."

Jumatano, tarehe 21 Mei

Padri amekuja na mafuta matakatifu. Niliungama hasira. Niliungama uvivu wa kusali. Hili sikulitaja, nami sijui kwa nini. Labda kwa sababu sitaki aniambie niache.

Basi naliandika hapa. Sijalaga. Neno la mwisho husemwa mara moja tu, mtu akiwa tayari. Mimi nalikata vipande, nampa mtoto kipande kimoja kila Jumamosi, ili asipande ndege. Najua hawezi kukataa. Ninamfunga kwa kamba ambayo wazee wetu hawakuisuka kwa kazi hiyo. Na kila akipiga simu naomba niinuliwe, nakaa wima, nashika pumzi, nasema, "Niko muzuri, nimekula." Mélanie ananishika mgongo kwa nyuma nisianguke. Ameniapia hatasema. Anachukia.

Leo, akinikanda miguu, aliniuliza: "Papa, na wakati hautakuwa na mahali pengine pa kumutuma?"

"Ghosh alinitembeza sana."

"Sikuuliza ile."

Jumatatu, tarehe 26 Mei

Chandipur amekwenda. Picha za mchanga. Nimefurahi, nimepumua vibaya usiku, nimefurahi tena.

Nimempa Satkosia, kwa wikendi ya tarehe saba Juni. Pale mto Mahanadi unabanwa katikati ya vilima na mamba wa midomo mirefu, myembamba kama koleo la mhunzi, wanalala mchangani. Akasema wikendi hii ana kazi ya kuandika, ile nyingine atakwenda. Atetee tarehe ishirini, halafu aje kunizika kwa raha zake. Ndiyo hesabu yangu.

Barthélemy anauliza kwa nini Ariane anapewa nchi nzima ya India na yeye hapewi hata shamba la Kabare. Nimecheka mpaka nikakohoa damu kidogo. Hakucheka. Masikini. Si mtu mbaya, anaogopa tu kugombana na binamu zake nikiisha kufa. Ningemjibu leo, lakini nikimjibu Clémence atasema nimemaliza, na mzee aliyemaliza watu wanaanza kuongea mbele yake kana kwamba ni kitanda.

Jumamosi, tarehe 31 Mei

Barthélemy ameniletea tableti ya mtoto wake, kubwa kama sahani, ili nione vizuri. Kwa wema kabisa. Nimeomba picha za Mangalajodi.

Bata wenye mkia mwembamba kama sindano. Mamia. Na bata bukini wa kijivu, mistari miwili myeusi kisogoni.

Ndege hao wanatoka kaskazini, Siberia huko na Tibet. Wanakuja Chilika kwa baridi. Machi wanaanza kuondoka, Aprili mwisho huwaoni tena. Yeye alinitumia tarehe kumi na nane Mei.

Niliangalia mara nyingi, nikitafuta kosa langu. Nilikuza picha. Pembeni kuna jina la mpiga picha, dogo, kwa herufi nyeupe.

Hakwenda. Wala Mangalajodi, wala Chandipur. Amekaa chumbani kwake anachukua picha za watu wengine kwenye intaneti, anamsimulia mzee kimya cha nyasi.

Nina hasira kiasi kwamba nimeirudisha supu jikoni.

Jumapili, tarehe 1 Juni

Sikumwambia kitu. Alipiga, nikasema niko muzuri, nimekula. Akasema na yeye yuko muzuri. Tukadanganyana vizuri kabisa, kwa adabu.

Baadaye nikamwonyesha Mélanie wale bata, nikamweleza. Alikuwa anakunja mashuka. Hakushangaa.

"Ulijua?"

"Hapana, papa. Ila mutoto ule ni wako."

"Maana yake nini?"

"Maana anasikia. Unafikiri hasikii vile uko unapumua? Unashika pumzi, unasema maneno mawili, unaacha. Na yeye anakuambia mambo ya ndege juu ya wewe usichoke na kuuliza." Akaweka shuka. "Nani alimufundisha?"

Nilimwambia atoke. Alitoka. Alirudi na chai.

Kinachonikera zaidi ni hiki: asipokwenda kwenye ndege, wikendi zake zinakwenda wapi? Mélanie anasema labda anasoma. Nataka iwe hivyo. Lakini amevunja neno la mzee, na mtoto huyu hana tabia ya kuvunja kitu bila sababu. Au alijua tangu mwanzo kwamba halikuwa neno.

Alhamisi, tarehe 5 Juni

Nimeshindwa kukaa wima. Mélanie amenifungia mito pande zote kama mayai. Ariane hajapiga tangu Jumanne. "Rezo," anasema Mélanie, bila kuniangalia. Clémence amehamia kwetu na mkeka wake. Hakuna aliyemwita.

Kalamu imekuwa nzito. Naacha.

Jumamosi, tarehe 7 Juni

Asubuhi umefika ujumbe wa sauti. Barthélemy ameushikilia kwenye sikio langu.

"Koko, niko Satkosia. Niko pembeni ya mto. Mamba mwenye mdomo murefu amelala kwenye mchanga, hatikisiki. Ungemupenda."

Sauti nzuri, tulivu. Nikaomba niusikie tena. Na tena. Barthélemy alifikiri nimechanganyikiwa.

Nyuma ya sauti yake kuna ndege. Kwarara, yule wa kahawia anayepiga kelele kama mtu aliyeibiwa: haa, haa, hadaa. Analia kila asubuhi hapa kwetu, juu ya miti ya mapadri. Yuko Kigali, yuko Kamembe, yuko ng'ambo na ng'ambo ya mto Ruzizi, mpaka wetu na Rwanda. Asia hayuko. Droo zote za Calcutta nilizifungua, hayumo.

Ariane yuko pembeni ya mto, kweli. Uwanja wetu wa ndege umefungwa. Lazima ashuke Kigali, apande basi, avuke daraja la Ruzizi kwa miguu.

"Mélanie!" Alikuja mbio. "Yuko mpakani. Tangu lini unajua?"

Akakaa kitandani. "Tangu Jumanne, papa. Aliniapisha."

Kila mtu katika nyumba hii ameapishwa.

Kutetea ni tarehe ishirini. Akigeuka kesho, anafika. Lakini nani atamgeuza? Mimi nilishatumia kamba yangu kwa bata na mamba, na yeye ameona kwamba haikuwa kamba. Limebaki neno moja, lile la kweli. Nikimshika mkono na kulaga mbele ya Clémence, atarudi India. Hilo hatalivunja, najua, nimemlea. Ila nikilisema, atajua kwamba ninakufa na kwamba nimemfukuza. Nitakuwa nimemwona kwa muda wa kikombe cha chai.

Na nisipolisema ataketi hapa, atanikanda miguu, nitakuwa na furaha. Naandika wazi. Nataka aketi.

Mélanie amenivalisha shati jeupe. Nimeomba kalamu iachwe mkononi. Barthélemy ameelewa jambo fulani, sijui lipi, maana ameiweka tena simu yake kando ya mto wa kichwa. Taa nyekundu inawaka. Nimemwambia, shamba la Kabare, subiri kidogo, kuna mtu mbele yako. Akaitika kwa kichwa. Amekuwa mpole leo.

Geti. Pikipiki imezimwa. Clémence yuko mlangoni, nasikia akimpokea mtoto: "Karibu, maman. Amekungojea."

Si kweli. Sikumngojea, nilimkataza kabisa. Nitaficha kalamu chini ya shuka asiione. Viatu vyake kwenye ngazi. Neno la kulaga liko tayari mdomoni, ni moja tu, fupi, na