Namba Iliyoganda

Jumatatu, 8 Septemba
Jaribio la kumi na moja la programu yangu ya mazoezi. Tableti imeiona kwa Bluetooth baiskeli ya mazoezi, imeuona na mkanda wa kifuani unaopima mapigo ya moyo. Mpandaji wangu ni Mama. Tangu apatwe na kiharusi mwaka jana, anauburura mguu wake wa kushoto. Daktari Kazungu, anayemfanyisha mazoezi ya viungo, anaingoja programu hii kwa wagonjwa wake wote. Ijumaa namkabidhi. Amemwonya Mama: mapigo yakipita mia na ishirini, asimame.

Jumanne, 9 Septemba
Kasoro. Bluetooth ikikatika, namba ya mapigo haipotei. Inaganda palepale, utadhani moyo bado unasomwa. Nimeiona mara mbili. Nitairekebisha baada ya Ijumaa. Sikumwambia mtu. Nimeshaomba kuongezewa siku mara mbili, naona haya kuomba tena.

Alhamisi, 11 Septemba
Mama ameanguka.
Nilitoka uani kuanika nguo, nikamwacha anakanyaga. Niliporudi yuko sakafuni, jasho tele, anahema. Skrini: tisini na nne. Nikamshika kifundo cha mkono. Moyo ulikwenda mbio hata sikuweza kuhesabu.
"Nilijihisi vibaya, mwanangu. Lakini mashine yako yasema niko sawa."
Mashine yangu.

Ijumaa, 12 Septemba
Hakuvunjika. Goti limevimba. Daktari Kazungu alikuja hapa Shella kumwona, akamwamkia, akauliza kulikoni. Mama akawahi kujibu kwamba yeye ndiye aliyezidisha kukanyaga. Alikuwa akinikinga. Ningeweza kunyamaza. Nilitamani kunyamaza.
"Si yeye," nikasema. "Kasoro ni ya programu. Nilijua tangu Jumanne."
"Na leo ungenipa hivyo hivyo?"
"Ndiyo."
Hakunigombeza. Alichukua mkoba wake akaenda. Heri angenigombeza. Mama hajanisemesha tangu adhuhuri. Sijui ananikasirikia kwa kuanguka kwake au kwa kumtoa mwongo mbele ya mgeni.

Jumapili, 14 Septemba
Nimeandika upya sehemu yote ile. Mawasiliano yakikatika kwa sekunde tatu, namba inafutika, skrini inakuwa nyekundu: SIMAMA. Nimeuzima mkanda makusudi mara hamsini. Mara zote hamsini imefutika. Sina furaha. Kumbe kazi yenyewe ilikuwa ya siku mbili tu.

Jumatano, 17 Septemba
Nilimpelekea Daktari Kazungu. Ameipokea. Atapanda baiskeli yeye mwenyewe wiki mbili kabla ya kumpandisha mgonjwa mwingine yeyote. Nilimwambia ni haki yake. Njiani nililia kidogo.

Jumamosi, 20 Septemba
Goti la Mama limenywea. Asubuhi ameomba mwenyewe kupanda. Nikaiweka tableti mbele yake, nikavuta kiti karibu. Dakika sita, polepole. Hakuitazama skrini hata mara moja. Alikuwa akinitazama mimi.